Amplifaya ya Tatu

Amplifaya ya kwanza ilikuwa na taa kumi na mbili. Nilizihesabu zote, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, amefumba macho, anasikiliza. Wimbo ulipoisha alifungua macho akaniangalia kama mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari na hataki kumwaibisha mwenyeji.

"Sisikii besi," alisema.

"Taa zote zimewaka."

"Taa nimeziona."

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Ni fundi cherehani, na wateja wangu wote nguo wanaitaka kesho, hata aliyeleta kitambaa leo jioni. Cherehani iko chumba cha mbele, mlango unatazama barabara. Nyuma ya pazia ndiyo sebule yetu: viti vitatu, kabati, meza ndogo, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Spika hizo mume wangu aliziunda yeye na seremala mmoja mwaka tuliooana. Siku nyumba ikishika moto najua yeye atakimbilia kuokoa nini, na najua pia kwamba nitakuwa nyuma yake nimebeba ile ya pili.

Watu humwita Besi. Amepiga gitaa la besi tangu ujana, na hata baada ya kustaafu kazi ya bohari hakuliacha. Kila Jumamosi mchana wazee sita hukutana katika darasa tupu la shule, wakasukuma madawati ukutani na kupiga nyimbo zao za zamani. Kiongozi wao ni kinyozi wanayemwita Kepteni, ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi. Mwaka huu walipata onyesho, la kwanza baada ya miaka minane, katika ukumbi mkubwa wenye jukwaa la kweli. Zilibaki wiki tano. Mume wangu alikuwa akikaa kila alasiri na kaseti waliyorekodi walipokuwa vijana, ili ajikumbushe vidole vyake vilikuwa vikipita wapi. Wimbo wa tatu ndio aliokuwa akiuhangaikia zaidi, kwa sababu unaanza na besi peke yake. Noti nne zinashuka, kisha wengine ndio wanaingia.

Katikati ya hayo, amplifaya yetu ya zamani ikatoa moshi ikafa. Kwa kuwa vyombo vyote vilikuwa vimevutwa katikati ya chumba, nikaona ndio wakati wa kupaka rangi, kubadili mapazia, na kumaliza ugomvi wangu wa miaka mingi na nyaya za spika. Zilikuwa zinatambaa sakafuni kutoka kabatini hadi kila pembe, na hakuna aliyeingia sebuleni asijikwae. Nikazishonea soksi ndefu za kitambaa kilekile cha mapazia, mshono mara mbili, nikazipitisha ukutani. Ukiingia huoni waya. Wateja wawili waliniomba niwashonee vilevile. Mume wangu alipitisha kidole juu ya mshono akasema, "Haya ndiyo mambo." Kwake hiyo ni hotuba.

Aliniomba kitu kimoja tu. Waya ya spika ni nyaya mbili zilizogandana na kufanana, moja ya chanya na moja ya hasi, kwa hiyo kabla sijazifunika nitie alama kila ncha. Nikafunga uzi mwekundu kwenye chanya na uzi mweusi kwenye hasi. Nyuzi kwangu hazikosekani.

Baada ya hapo ndipo tukaenda kutafuta amplifaya, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Duka lilikuwa na vioo pande zote na muuzaji mwenye shati la kubana. Mume wangu alimweleza taratibu kwamba spika zetu ni za omu nane, yaani ukinzani wake kwa umeme, si za wati nyingi, na chumba ni kidogo. Muuzaji alimsikiliza kwa heshima zote kisha akanigeukia mimi.

"Mama, hii ni wati elfu mbili. Ukiifungulia, jirani anahama."

"Sina ugomvi na jirani."

"Nimeuliza omu ngapi inakubali," mume wangu alisema.

"Mzee, siku hizi watu hawaulizi omu, wanauliza wati."

Ningejua, ningeondoka palepale. Lakini ilikuwa inang'aa, na mimi nina udhaifu wa vitu vinavyong'aa. Tukaibeba. Debe tupu haliachi kutika, na lile letu lilitika kwa wiki nzima. Sauti ilikuwa kubwa, vikombe vilicheza kabatini, na mume wangu akawa anasema neno lilelile kila siku. Vidole vyake kwenye nyuzi anavisikia, ule mguso wa ncha za vidole, tak, tak. Noti yenyewe haipo.

"Nimo humo ndani," aliniambia, "lakini sijisikii."

Nikairudisha mwenyewe. Muuzaji akauliza kasoro iko wapi, maana inawaka. Nikamwambia haina besi. Akasema besi ipo, akaifungulia dukani mpaka dari likatetemeka. Sikubishana. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikatoa kwenye mkoba suruali saba zilizokuwa zinangoja kupindwa, nikaanza kupinda. Kila mteja aliyeingia aliniuliza mama unangoja nini, nami nikamweleza kwa kirefu. Suruali ya nne haijakwisha, muuzaji akaipokea amplifaya yake.

Ya pili aliileta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Shemeji ni dereva wa lori, na hakuna jambo duniani asilolijua. Alishasema tangu mwanzo kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Kaka hahitaji wati," alisema. "Anahitaji uzito. Amplifaya nzuri unaijua kwa mgongo."

Aliitoa kwenye ukumbi uliofungwa. Waliibeba watu wawili, wakaitua juu ya kabati, na kabati likalia. Nyuma ilikuwa na feni ya kupoza, na feni hiyo ilivuma hata kabla kaseti haijaanza, ikawa kama tumealikwa kusikiliza upepo. Shemeji akaunganisha waya kwa kufuata nyuzi zangu, nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, akasema, "Huyu mwanamke amerahisisha kazi." Nikajisikia vizuri.

Wimbo wa tatu ukaanza. Mume wangu alisikiliza kidogo, kisha akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye spika ya kushoto, akainama, sikio karibu kabisa na kitambaa chake. Uso ukamfunguka. Akatikisa kichwa kwa kufuata noti. Akaenda ya kulia, akainama tena, akatabasamu tena. Akarudi kwenye kiti chake akakaa, na tabasamu likaishia hapohapo.

Shemeji alininong'oneza, "Umeona? Mpaka abandike sikio."

Nilikuwa nimeona.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akacheka peke yake. Siku nyingine ningemfukuza kwa ubao wa kupimia. Siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nikiwaza kama yeye. Mimi niliusikia muziki. Shemeji aliusikia. Mteja aliyekuja kuchukua sketi aliusikia akasema ni mtamu. Asiyesikia alikuwa mmoja tu, naye ana miaka sitini na saba. Hesabu haikuhitaji shule.

Siku mbili baadaye Kepteni alinipigia simu. Hunipigia mimi pale tu anapokuwa na jambo la kuzunguka.

"Shemeji, hamjambo huko? Na mwenzetu?"

"Hajambo."

"Jumamosi alisimamisha wimbo mara tatu. Anasema hajisikii vizuri siku hizi, anaogopa hapati noti. Sasa nakuuliza wewe unayelala naye nyumba moja. Masikio vipi?"

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nakumbuka niliuweka chini kwanza. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulize mwenyewe. Lakini nilikuwa nimechoka na amplifaya, nimechoka na besi, nimechoka kuulizwa kila alasiri kama nasikia kitu ambacho sijui hata kinavyopaswa kusikika. Ulimi hauna mfupa.

"Yamechoka," nilisema. "Lakini usimwambie nimesema mimi."

"Siwezi, shemeji."

Hakumwambia. Jumamosi iliyofuata mume wangu alirudi mapema, gitaa mgongoni, shati limelowa jasho. Nilikuwa napima bega la mteja. Alitusalimu wote wawili kwa adabu, akapita nyuma ya pazia. Nilipomfuata alikuwa anausukuma mfuko wa gitaa nyuma ya kabati, kule tunakoweka vitu ambavyo hatuvitupi wala hatuvitumii.

"Kepteni anasema nipumzike," alisema. "Onyesho atapiga kijana anayepiga besi hotelini."

"Kijana gani?"

"Kijana. Ana miaka hamsini."

Akakaa.

"Pengine ni kweli," alisema. "Mtu akishindwa kujisikia kwenye kaseti yake mwenyewe, nyumbani, amekaa, jukwaani atajisikiaje? Nilikuwa nimepanga kumwambia Kepteni mwenyewe atafute mtu. Afadhali alivyonitangulia."

Hapo ningepaswa kusema la simu. Mdomo wangu, ambao haujawahi kungoja zamu yake, siku hiyo ulingoja. Badala yake nilisema kosa ni hiyo amplifaya ya mdogo wako, na kwamba kesho naanza upya.

Ndipo nikaenda kwa fundi redio. Ni mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Yeye hakunionyesha kitu. Aliniuliza maswali kama daktari. Chumba kina ukubwa gani. Kiti kiko mbali kiasi gani na spika. Spika ni za omu ngapi, na zikipewa sauti ndogo zinaitika au zinalalamika. Zinapigiwa nini humo, muziki au mpira. Nilijibu nilichojua.

"Wati arobaini zinatosha," alisema. "Hizo elfu mbili zilikuwa za kwenye karatasi."

"Kidogo hivyo?"

"Wewe hariri unaishona kwa sindano ya jinzi?"

Nikamwelewa papo hapo. Katika safari yote hiyo ndiye mtu wa kwanza aliyesema kitu chenye akili. Alinipa amplifaya ndogo ya zamani, yenye vitufe vitatu na taa moja, aliyoifanyia kazi mwenyewe na kuipangusa mpaka ndani. Niliibeba chini ya kwapa. Mume wangu aliigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akasema, "Sasa hii ndiyo saizi yetu." Akaunganisha kwa mkono wake, uzi mwekundu, uzi mweusi, akakaza, akakagua fyuzi, akasafisha kichwa cha deki ya kaseti kwa pamba. Nilisimama mlangoni nimeshika pazia.

Wimbo wa tatu. Tak, tak, tak, tak. Wengine wakaingia.

Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha wote. "Ni safi," alisema. "Gitaa la juu safi, ngoma safi, mwimbaji sijui yuko wapi, amezagaa chumba kizima, lakini safi. Besi haipo."

Maji yalikuwa yameshanifika shingoni. "Basi ni masikio yako," nilimwambia. "Amplifaya tatu. Watu watatu tofauti. Sote tunasikia ila wewe. Ni masikio yako, na kila mtu anajua ila wewe."

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Aliizima mashine, akaiweka kaseti vizuri ndani ya kisanduku chake.

"Kesho nitakwenda hospitali wakayapime," alisema.

Asubuhi alivaa shati jeupe nililomshonea kwa ajili ya onyesho. Hakuwa na maana yoyote mbaya, ndilo lililokuwa limepigwa pasi. Nilimwangalia anavuka barabara, akitazama kushoto na kulia mara mbili mbili, kama mtu ambaye ameambiwa asiyaamini masikio yake. Nikajichukia. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, nikafumua, nikashona tena vilevile.

Nilitaka amplifaya iwe mbovu. Niliomba iwe mbovu. Nikaichomoa, nikaitia kwapani, nikaenda nayo kwa fundi redio nikaitua mezani kwake kwa kishindo.

"Umenipa kitu kibovu."

Alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani. Aliiunganisha na spika zake mbili zilizokuwa chini ya meza, akatia kaseti ya kwake. Besi ikapita mezani, bisibisi zikatembea zenyewe mpaka ukingoni. Akazima.

"Fundi mwenzangu," alisema, "mimi mtu akiniletea gauni lako akasema linambana, siwezi kukulaumu kabla sijamwona aliyelivaa. Twende nikaone spika."

Alifunga kibanda. Tukaongozana mpaka nyumbani, amplifaya ikiwa kwapani mwangu. Sebuleni alizunguka spika, akazigonga mbao kwa kifundo cha kidole, akavua vitambaa vya mbele ili aone ngozi zilizo ndani, zile zinazocheza sauti inapotoka. Kisha akatazama soksi zangu ukutani, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Hizi umeshona wewe?"

"Mimi."

"Nzuri."

Akatoa mfukoni betri ndogo ya redio. Alishika ncha za waya ya kushoto kule kabatini, akagusisha uzi mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. "Angalia ngozi," aliniambia. Nilichuchumaa mbele ya spika. Ikalia pu, ngozi ikatoka nje kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi.

"Imetoka nje," nilisema.

"Nenda kulia."

Nikahamia kulia. Akagusisha vilevile, mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ikalia pu. Ngozi ikaingia ndani.

Nilimwomba arudie. Akarudia mara tatu. Mara zote tatu iliingia ndani.

"Alama hizi alifunga nani?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Nikakumbuka, na ningependa nisingekumbuka. Soksi ya kushoto niliishona kwa mkupuo mmoja. Ya kulia nilikuwa nimefunga nyuzi ncha moja tu pale mteja alipoingia na zipu iliyokatika, ana safari. Nikaacha, nikamshughulikia, nikarudi. Ncha ya pili nikaifunga kama nilivyodhani. Sikurudi nyuma kufuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, uzembe ambao nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote aufanye na uzi wa pindo. Kisha nikashona juu yake, mara mbili, nikasifiwa.

"Spika moja ikisukuma, nyingine inavuta," fundi redio alisema. "Sauti nzito zinakutana hapo kwenye kiti na kuuana. Ukisogea kwenye spika moja unaipata besi, ukirudi katikati inakwisha. Hapo hata ungenunua amplifaya ya uwanja wa mpira. Na hata ile ya taa kumi na mbili ingewapa besi, kama waya ingekuwa sawa."

"Sisi wengine mbona tulisikia vizuri?"

"Nyinyi mlisikia kelele. Yeye alikuwa anasikia kosa." Akairudisha betri mfukoni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Lete wembe tufumue."

Nilifumua mwenyewe. Mshono wangu ni mgumu kufumua, nilijisifia hilo miaka yote. Tuliitoa waya ikiwa uchi, tukaifuata kwa vidole mpaka mwisho, tukabadilisha ncha. Alipoondoka nilimsindikiza hadi mlangoni nikamwomba radhi kwa kile kishindo cha mezani. Alisema amezoea, wateja wake wote huja na kishindo.

Mume wangu alirudi saa nane mchana. Alitoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya meza.

"Wamesema sauti nyembamba zimepungua kidogo, ni umri. Nzito nazisikia zote." Alisema hivyo kwa unyonge, kama mtu anayeleta habari mbaya. "Kwa hiyo masikio ni mazima. Basi itakuwa ni kichwa."

"Kaa," nilimwambia.

"Nimechoka, mama. Tuliache."

"Kaa kwenye kiti chako."

Akakaa. Nikaitia kaseti mwenyewe, nikaipeleka mpaka wimbo wa tatu, nikapitiliza, nikarudisha. Noti ya kwanza ilipotoka, hata mimi niliisikia. Ilitoka katikati ya chumba, pasipokuwa na spika, nene na ya mviringo, ikapita kwenye sakafu ikapanda miguuni. Ya pili ikashuka chini yake. Ya tatu. Ya nne. Mume wangu hakutabasamu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, na vidole vinne vilikuwa vinakanyaga nyuzi zisizokuwapo, kila kimoja mahali pake, bila kukosea.

Aliuacha wimbo ukaisha. "Umefanya nini?" aliuliza.

Nikamweleza. Zipu, mteja, ncha ya pili, yote. Alisimama, akaja akaangalia waya iliyolala sakafuni na soksi iliyopasuliwa kando yake. Na mimi, kwa kuwa nyani haoni kundule hata akionyeshwa kioo, nikapata nguvu ya kumlaumu.

"Ulikagua fyuzi. Ulikagua deki. Ulikagua mpaka kaseti, ukamlaumu hata aliyewarekodi, naye ni marehemu. Waya hukukagua kwa nini?"

Alinitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto.

"Ulikuwa umeshona wewe," alisema.

Hakulisema kwa kunichoma. Ndivyo ilivyokuwa, basi. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikumpitia akilini kwamba kinaweza kuwa na kasoro, nacho ni mkono wangu. Mimi nilikuwa na kitu kimoja nilichokishuku tangu wiki ya pili, nacho ni yeye. Nililia. Sioni sababu ya kulificha.

Kisha nikamwambia la Kepteni. Ningeweza kulinyamazia, Kepteni asingelitoa, lakini niliona nikilishona nalo ndani litakuja kutoka siku nyingine kwa njia mbaya zaidi. Nilimwambia maneno niliyoyasema, kama yalivyo. Mume wangu aliinama akaizima amplifaya, na taa yake moja ikafifia taratibu.

"La waya ni kosa la mkono," alisema. "Hili la pili si la mkono."

Alitoka akakaa kwenye benchi la wateja, nje, mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Aliporudi ndani alisema, "Utakwenda kwa Kepteni wewe mwenyewe. Kwa mdomo uleule."

Nilikwenda. Kepteni alikuwa ananyoa, na alinisikiliza huku amesimamisha mashine hewani, mteja amenyolewa nusu. Alisikitika sana, kwa dhati. Lakini kijana wa hotelini alikuwa ameshafanya mazoezi na jina lake limeshabandikwa ukumbini. Baada ya onyesho nafasi ni ya Besi, wala si la kujadili. Kabla ya hapo, hapana. Nilimsihi mpaka mteja yule akaanza kunisaidia kusihi. Hapana.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye onyesho kama watazamaji, safu ya tatu, mume wangu na shati lake jeupe. Wimbo ulipoanza, mtu mwingine alipiga zile noti nne mbele ya ukumbi uliojaa, na watu wakapiga makofi. Miaka minane aliingoja siku ile. Nilitazama mbele, nikashindwa kugeuka kumtazama.

"Kidole cha tatu kinachelewa," alininong'oneza. Ndilo neno pekee alilosema onyesho zima.

Nyaya zilibaki sakafuni, uchi, karibu mwezi. Mimi niliogopa kuzigusa, na yeye akawa anazivuka tu. Alilitoa gitaa nyuma ya kabati, akarudi darasani kila Jumamosi, akarudi na jasho lake. Wateja waliniuliza zile soksi nzuri zimekwenda wapi, nikawa nawaambia ziko kwenye maji. Jumatatu moja alijikwaa kwenye waya ya kulia akiwa na kikombe cha chai, nusu ikamwagika.

"Zishone tena hizi," alisema.

"Utazikagua alama?"

"Nimekagua kazi yako lini mimi?"

Nikanunua betri. Nikafuata kila waya kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikafunga nyuzi, nikajaribu ngozi zote mbili mara nne, zote zikatoka nje. Kabla sijashona nilimwita aje aangalie mwenyewe. Alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka kwangu, anapangusa kaseti. Nikamwita tena, kwa sauti ya kutosha.

Alinisikia. Hakuinuka.